Sista Aliyetusikiliza kwa Kikamba

Sista hakuwa na adabu ya simu. Hakusema haloo wala kuuliza habari. Alipokea na kusema, "Neena," yaani ongea, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa akiwa mezani. Wengi waliompigia mara ya kwanza walikata hapo hapo. Mimi pia nilikata. Nilikuwa nimejifungia bafuni katika nyumba ya watu huko Ghuba, mchana, saa ambazo madamu wangu alizoea kulala, na nilikuwa nimetarajia sauti laini kama ya watangazaji wa redio. Kabla sijafungua mlango, simu ikatetemeka mkononi. Alikuwa amenipigia yeye.

"Ni wewe umekata?"

"Ndio, Sista."

"Mimi nimekuambia uongee. Sijakuambia uende."

Nikaongea. Yote hayo tuliyasema kwa Kikamba, na nikiyaandika hapa kwa Kiswahili najua kuna kitu kinabaki njiani. Kwa kweli hicho kitu ndicho ninachotaka kusimulia.

Alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, aliyestaafu baada ya maisha yote wodini. Mwili wake ulikuwa mnene, miguu yake ilivimba jioni, na miwani yake aliifunga kwa uzi mweusi wa kushonea. Huko Tala, mji mdogo wa soko Ukambani, alikuwa amekodi chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la mabati na rangi. Siku za soko ungedhani yuko ndani ya ngoma: chini wanakata vyuma, nje wauza mitumba wanaitana, na bodaboda zinapiga honi bila sababu. Humo ndimo alimokaa na simu yake, akiwasikiliza wanawake wa Ukambani waliokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba na vichwa vikawaelemea. Hakuna aliyemtangaza. Namba yake ilipita kutoka kwa mwanamke hadi kwa mwingine kama chumvi ya jirani. Mimi nilipewa na dada mmoja wa Kangundo tuliyekutana kwenye lifti, kila mmoja amebeba takataka za tajiri wake. Alinitazama usoni mara moja tu, akasema, "Kuna mama wa Tala. Anasikiza kwa Kikamba. Mpigie kabla hujaharibika."

Nilikuwa nimeshaharibika, na hilo ndilo lililoniaibisha. Nilikuwa nimeanza kusikia mtoto wangu akilia ndani ya mashine ya kufua nguo. Mtoto mwenyewe nilikuwa nimemwacha kijijini Ndithini kwa mama yangu, akiwa bado ananyonya. Nilijua hayumo ndani ya mashine. Hata hivyo niliizima, nikatoa nguo zote zikitiririka maji, nikaingiza kichwa kutazama. Siku moja madamu alinikuta hivyo, kichwa ndani, ninaimba wimbo wa kumbembeleza. Hakunipiga. Aliwaita watoto wake ndani na kuwafungia chumbani, na sauti ya ule mlango ukifungwa naweza kuisikia hata leo. Mimi ndiye niliyekuwa kitu cha kufichwa watoto.

Walinipeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mzuri, nisimseme vibaya. Aliuliza kwa Kiarabu, na mtu wa kutafsiri akaniuliza kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni kile cha kuombea ruhusa ya kwenda haja. Aliniuliza huzuni yangu ni ngapi kutoka moja hadi kumi. Nilitafuta namba ya kumpendeza. Nikasema tano. Akaandika, wakanipa vidonge, nikarudishwa kwenye ile mashine.

Sista hakuniuliza ngapi. Aliniuliza, "Ngoo yako iko wapi saa hii?" Ngoo ni moyo, lakini pia ni mahali pa mtu pa ndani kabisa, sijui niseme vipi. Nikamwambia iko chini, imekalia tumbo, na ina baridi. Akasema, "Mm. Na ikikalia tumbo unakula nini?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo.

Alikuwa na neno lake kuhusu aibu. Alisema Mswahili anaona haya, kwa hivyo akifumba macho anapumzika. Sisi Wakamba tunasema ningwiw'a nthoni, nasikia aibu. "Na sikio halina kope," alisema. "Ndio maana huwezi kuifungia nje. Lazima mtu aisikie pamoja nawe." Alinirudia maneno hayo mara nyingi, mpaka nikayachoka. Alikuwa mtu wa kurudia. Alikuwa na misemo yake michache na aliitumia kama sufuria zake, bila kujali kuwa imeungua.

Hakutaka uongee lugha nyingine ikiwa ulikuwa umezaliwa katika Kikamba. Wasichana wa siku hizi, wa Mlolongo na Syokimau, walimjia na Sheng. "Sista, niko tu na stres." Alikuwa akiwakatiza: "Stres ni nini? Kwenu inaitwaje? Bibi yako angeiitaje?" Msichana angetafuta, na mara nyingi katika kutafuta lile neno ndipo machozi yalipotoka. Lakini usidhani aliamini maneno peke yake. Ukimwambia umeacha dawa kwa sababu mchungaji amekuombea, angekufokea mpaka wauza mabati chini wanyamaze kusikiliza. Na Jumapili yeye mwenyewe alikuwa mbele kanisani, anaimba sauti ya kwanza na kuipotosha vibaya sana, bila kujua, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Aliweza kusikiliza mtu akilia kwa saa nzima bila kukohoa, lakini foleni hakuiweza kabisa. Kwenye kinu cha kusaga mahindi alipita mbele za wanawake wenye watoto mgongoni akisema miguu yake imevimba. Dukani alipima ndengu upya kwa mkono wake, akimshuku kila mtu. Alisengenya. Mambo ya chifu, ya mke wa mchungaji, ya mwenye nyumba wake, yote aliyajua na kuyasema. Ya wagonjwa wake sijawahi kusikia hata moja.

Na mwanawe aliongea naye kwa Kiingereza. Hili lilinishangaza kuliko yote. Alikuwa na mwana mmoja tu, mhandisi, anaishi nchi ya baridi. Kijana alipiga simu Jumapili mchana, na Sista, huyu aliyetukataza hata neno stres, alibadilika kuwa mtu mwingine. Alikaa wima. Alisema Kiingereza cha wodini, kifupi, kisafi: yes, fine, thank God. Baada ya dakika chache walimaliza. Siku moja, nilipokuwa nimeshafika kwake Tala, nilimuuliza kwa nini.

"Hajui Kikamba," alisema. "Nilikuwa namchapa akikiongea. Walimu walisema kitamharibia masomo." Akavua miwani na kuifuta kwa kanga. "Masomo hayakuharibika."

Nikainuka kupika chai.

Niliporudi nchini sikwenda nyumbani. Kila mtu aliyekwenda Ghuba anarudi na sanduku kubwa, na watu wa kwao wanamngoja uwanja wa ndege wakiwa wamevaa vizuri. Mimi nilirudishwa na mfuko wa plastiki wenye dawa na nguo mbili, na sikumwambia mtu siku ya kufika. Nilikwenda Tala moja kwa moja. Nilipanda zile ngazi, nikabisha, na yule niliyemjua kwa sauti tu akafungua mlango, mfupi kuliko nilivyomfikiria, na unga mikononi.

"Hapa si hoteli," alisema nilipojitambulisha. Kisha akanitazama miguu, jinsi ilivyovimba katika ndege. "Ingia uoge."

Alinitafutia kitanda kwa mjane mmoja nyuma ya soko. Mchana nilikaa kwake, nikimsugulia sufuria na kupika chai, kwa sababu sikuweza kukaa peke yangu. Nilivaa leso mpaka kwenye nyusi nisije nikatambuliwa na mtu wa kwetu aliyekuja sokoni. Akinituma chini kununua kitu, nilirudi mikono mitupu nikisema duka limefungwa. Alijua ninadanganya, na hakuwahi kusema.

Ni siku hizo nilipomwona akishindwa. Mzee mmoja wa Kisomali, muuza mifugo kutoka Machakos mjini, alimleta binti wa dada yake. Binti alikuwa amevuka mpaka kuja kwa mjomba baada ya vita kuwamaliza nduguze, na sasa hakuwa akilala wala kula. Mlango wa chumba kile haukufungika sawasawa, nami nilikuwa kwenye benchi la nje. Binti alianza kuongea kwa Kisomali. Aliongea muda mrefu. Sauti ikapanda, ikashuka, ikavunjika, akalia. Kisha mjomba akatafsiri.

"Anasema yeye ni mzima. Ni kichwa tu inauma."

"Mzee," Sista alisema, "maneno yote hayo yamekuwa kichwa tu?"

"Mama, hiyo ingine ni mambo ya nyumba."

"Ndiyo hiyo ya nyumba nataka."

"Sasa mimi nitasemaje?" mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi ni mjomba wake. Kuna vitu mtoto anasema hapa, mimi hata sikufaa kusikia. Watu wakijua, nani atamuoa?"

Sista alimwomba ashuke akanywe chai. Mzee alipita mbele yangu akijifuta uso kwa kilemba. Sista alikaa na yule binti bila neno, na baadaye alitoka kwenye ngazi akashika ukuta.

"Amelia mbele yangu," aliniambia, "na mimi nimekaa kama gunia. Sijui hata analilia nani."

Sikuwa nimewahi kumwona akiwa na haya. Alizunguka siku nzima akipiga simu kwa wauguzi wenzake wa zamani, akiwaulizia kwa majina ya utani ya chuoni, mpaka akampata mkunga mmoja wa Kisomali huko Nairobi waliyewahi kufanya kazi pamoja. Tangu hapo, kila Alhamisi, binti alikuja, Sista akaweka simu juu ya meza, sauti ya yule mkunga ikatoka humo kwa Kisomali, na Sista mwenyewe akatoka nje akakaa nami kwenye ngazi. Nilimuuliza kama haumii kufukuzwa chumbani kwake. "Humo ndani mimi ndiye nasumbua," alisema. Siku moja tulisikia yule binti akicheka. Kicheko kidogo, kama mtu aliyejikwaa. Sista alinipiga begani mpaka nikamwaga chai.

Mwisho ni yeye aliyenitoa Tala. Aliniambia, "Leso yako imekuwa ndefu sana. Karibu utembee kwa kupapasa." Nikamwambia siwezi kwenda kwa mama yangu. Nitamwambia nini? Watu watasema nilirudi mwendawazimu, na watakuwa wamesema kweli.

"Usimpelekee ule ugonjwa kwa jina la hospitali," alisema. "Hilo jina ataliogopa. Mwambie ngoo ilichoka ikalala njiani. Hiyo anaijua."

Alikataa kunisindikiza. Alisema akija, mama atamwangalia muuguzi badala ya kumwangalia mtoto wake. Nilifika Ndithini mama akiwa shambani anang'oa pojo. Mtoto wangu, aliyekuwa sasa anakimbia, alinitazama akajificha nyuma ya nguo ya bibi yake. Nikasema yale maneno nikiwa nimesimama, nikitazama udongo, kwa Kikamba, kama nilivyofundishwa. Mama aliinama tena. Aling'oa shina moja, akalikung'uta udongo, akang'oa lingine.

"Baba yako alipokufa," alisema hatimaye, "mimi nililala chini ya kitanda. Si juu. Chini. Shangazi yako aliniletea uji huko. Hukuambiwa."

Hakuniambia zaidi, na mpaka leo hatujalizungumza tena. Alinipa mzigo wa pojo niubebe, tukaenda nyumbani. Nilikuwa bado na aibu. Nilikuwa nayo jioni ile, na niko nayo sasa ninapoandika, lakini tangu siku hiyo haikuwa yangu peke yangu.

Sasa nauza mitumba, nguo za watoto, na bado nakwenda kliniki ya akili kuchukua dawa katika hospitali moja mjini Machakos. Sijawa shujaa. Nikiingia geti lile hutazama kwanza nani yuko nyuma yangu. Hivi karibuni niliingia, nikatafuta kama kawaida benchi la mwisho, lile lililo nyuma ya nguzo, na nikakuta limekaliwa. Mwanamke mnene, amevaa sweta katika joto, uso ameuelekeza ukutani.

"Sista?"

"Usiniite hilo jina hapa."

Nilikaa kando yake. Alikuwa amekonda shingo. Viatu vyake, alivyozoea kuving'arisha, vilikuwa na vumbi mpaka kwenye kamba.

"Nimezunguka hii hospitali nikarudi steji ya matatu," alisema akiutazama ukuta. "Nikazunguka tena. Mimi. Miaka yote nimeambia watu kliniki ya akili ni kama ya meno."

Nikajigeuza nimkinge na macho ya watu. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Kuna msichana wa upande wa Konza," alisema. "Alikuwa huko Ghuba, ananipigia tangu mvua iliyopita. Alikuwa akipata nafuu. Siku hiyo akapiga nikiwa kwa kinu. Kelele ilikuwa nyingi, sikumsikia vizuri. Nikamwambia, nitakupigia nikifika nyumbani." Alivuta mikono ya sweta. "Nikafika nyumbani. Nikapiga. Simu imezimwa."

"Alirudi?"

"Alirudishwa."

Muuguzi alipita na faili, na Sista akazidi kuinamisha uso.

"Nilienda mazishi," Sista alisema. "Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Alisema mtoto alimwambia kuna mtu mmoja tu anamsikia. Heri angenipiga kofi. Tangu hapo simu ikilia siwezi. Naiangalia tu. Wanapiga, naiangalia."

Nilianza kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Alinigeuzia macho, mekundu, na maneno yakaniishia, kwa sababu aliwahi kuwaambia wengine maneno hayo hayo na alijua uzito wake. Nikasogea tu, mpaka bega langu likagusa sweta lake. Tulikaa hivyo. Alikuwa anatetemeka kidogo, kama gari lililosimama bila kuzimwa.

Dirisha la mapokezi likafunguliwa, na muuguzi kijana akachungulia. Uso wake ukajaa furaha.

"Ai, Sista!" aliita, na benchi zote zikageuka. "Ni wewe! Umetuletea mgonjwa?"

Nilimsikia Sista akivuta pumzi. Ilikuwa rahisi sana. Nilikuwa pale kando yake, na faili yangu ilikuwa mkononi. Angeninyooshea kidole tu, nami ningesimama, wallahi ningesimama na kwenda mbele kama mgonjwa wake, na yeye angetoka kwa lile geti akiwa Sista. Nilimgusa goti kumwambia niko tayari.

Aliutoa mkono wangu taratibu. Akajiinua kwa kushika nguzo, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine.

"Hapana," alisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Leo ni mimi."

Yule kijana aliacha dirisha. Kisha akafanya jambo ambalo namheshimia: hakusema pole, hakushangaa, alifungua mlango wa pembeni na kuushikilia. Sista akapita katikati ya benchi zile, akiburuta miguu, na hakuna aliyemtazama usoni.

Alikaa ndani muda mrefu. Wengine waliitwa vyumba vingine, wakaingia na kutoka. Mimi nilishika mkoba wake mapajani, na ndani ya mkoba simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Sikuigusa. Sikuwa na haki ya kuigusa.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba na pua inang'aa. Nilisimama. Alikaa badala ya kuondoka, akanyoosha miguu, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Huyo daktari ni msichana mdogo," alisema. "Mtoto wa Kitui. Kikamba chake ni cha kule, anavuta maneno kama mtu anavuta kamba ya kisima."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Mpaka ile ya kinu." Akapenga kamasi. "Nimelia kama mtoto mbele ya mtoto. Nirudi wiki ijayo."

"Na wanaopiga simu?"

"Nimemuuliza kama anaweza kuwasikia kwa sasa, niwatumie namba yake. Amesema atajaribu." Alinyoosha mkono nikampa mkoba, akaukumbatia bila kuufungua. "Nimemwambia akipokea asiseme haloo, watadhani ni ofisi."

Tuliondoka. Nje ya geti alisimama, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeshuka mji asioujua.

"Nitafutie mahali wanauza sahani ya muthokoi," alisema. "Nimesikia njaa."